Grafu Yangu Imeuza Tangi la Maziwa

Leo nimejianika mchana kweupe, tena mbele ya watu waliokuwa wamevua kofia. Kaeni niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana Cheptiret yote imeshasikia.

Kazi yangu mnaijua. Mimi ndiye karani wa ushirika wetu wa maziwa hapo Cheptiret. Kila asubuhi natoka kwangu Kimumu na baridi yangu, wakulima wanaleta maziwa, napima, naandika, tunamwaga kwa tangi la kupoza. Hilo tangi liko kwa kipande cha shamba alichotoa Mzee Lelei. Alitoa bure. Na ni yeye aliyesema niajiriwe, wakati wengine walisema huyu msichana wa kutoka magharibi hatumjui. "Amesoma," akawaambia, "atatusaidia."

(Nimewasaidia.)

Sasa leo ilikuwa mkutano wa wanachama, ukumbi wa kanisa. Kuna mfanyabiashara anataka kununua tangi letu. Wanachama wengine wameanza kusema maziwa yamepungua, tangi ni la nini, liuzwe, kila mtu auzie wachuuzi kwa geti lake. Mzee Lelei hataki kusikia hayo. Akaniambia, "Nekesa, waonyeshe vile maziwa iko. Watu wakiona kwa macho watanyamaza."

Aki nikajua siku yangu imefika. Jedwali? Jedwali ni la washamba! (Sijui nilijiona nani. Mimi hushinda na viatu vya gumbuti.) Nikaingiza namba kwa kompyuta, nikabonyeza, grafu ikatoka. Laini nyekundu! Inateremka kutoka juu kule mpaka chini huku, kama mtu ameanguka kwa ngazi. Ilinitisha kidogo, lakini ilikuwa na sura. Nikaiongeza unene.

Mkutano ukaanza. Maombi, chai, salamu za mwenyekiti, maombi tena. Nikatundika shuka ukutani (ndiyo, la kitanda changu, na maua yake), projekta ikawaka, grafu ikajaa ukuta.

Shingo zote zikanyooka.

"Woi!" mama mmoja akalia kule nyuma. "Yameisha!"

"Hayajaisha, mama. Yameshuka tu, ni kiangazi."

"Yameshuka yakafika wapi? Si laini imegusa chini!"

Nikageuka kuangalia. Kweli, ilikuwa imegusa chini. Na mimi, mwenye kupima hayo maziwa kila siku, niliyeyaona leo asubuhi kwa macho haya mawili, nikaitikia kwa kichwa. Niliamini picha kuliko macho yangu. Mjinga ni mimi, hakuna mwingine.

Wote wakamgeukia Mzee Lelei. Alikuwa na maneno yake tayari, najua, kwa sababu jana alinisomea yote pale kwa tangi. Akasimama na fimbo yake, akaangalia shuka.

"Kama mtoto wetu amechora hivyo," akasema, "mimi sina neno."

Akaketi. Mikono ikainuliwa. Tangi liuzwe. Hata watu wa upande wetu waliinua.

Mwenyekiti akamwomba Mzee Lelei mwenyewe afunge na maombi. Niwaeleze wale hamjui: huku kwetu mzee akishafunga mkutano kwa maombi, umefungwa. Hakuna cha "samahani, nilisahau kitu." Ukifufua jambo baada ya Amina, ni kama unamrudisha Mungu kwa kiti.

Tukasimama, macho yakafungwa. Mzee akaomba kama mtu anayezika. Akashukuru kwa tangi. Akashukuru kwa watoto waliosomeshwa na hayo maziwa. Machozi yakanitoka, nikafungua jicho nipanguse. (Mimi hufungua macho kwa maombi, ndiyo. Leo nina dhambi kubwa kuliko hiyo.)

Projekta ilikuwa bado inawaka. Na kule chini kabisa, kwa kona, pale laini imegusa, kulikuwa na namba ndogo. Muda wote huo nilidhani ni sifuri. Haikuwa sifuri. Ilikuwa lita mia nane! Na juu kabisa, mia tisa. Kompyuta ilikuwa imekata maziwa yote ya chini, ikachukua kale kapande ka juu, ikakavuta mpaka kakajaa ukuta. Tulikuwa tumeshuka kidogo tu, kama kila kiangazi.

"Mzee, ngoja!" nikapiga kelele. "Chini si sifuri!"

Mama Jerono, aliyesimama kando yangu, akainua mikono bila kufungua macho. "Ndiyo, Bwana!"

"Si sifuri! Ni mia nane!"

"Si sifuri!" ukumbi ukaitikia. "Haleluya!"

Makofi yakaanza. Mtu akaniwekea mkono kichwani. Mwingine akaanza kunena kwa lugha. Nilivyozidi kulia ndivyo walivyozidi kuitikia, na katikati ya hayo yote nikasikia sauti ya Mzee, ndogo, imechoka: "Amina."

Wakaitika wote, "Amina!"

Nikamkimbilia mwenyekiti, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Nekesa," akasema kwa upole, "tumeshaomba." Lori linakuja kubeba tangi Jumatatu.

Watu wakatoka. Mzee Lelei akabaki kwa benchi peke yake. Nikachukua karatasi, nikachora grafu upya na kalamu, hii nikianza na sifuri. Laini ikapita kule juu, karibu imelala. Nikampa. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Akaisogeza karibu na macho, akaifuata na kidole polepole hadi mwisho.

"Kumbe tulikuwa sawa," akasema.

Akaikunja, akaiweka kwa mfuko wa koti, akaniuliza kama nimepata chai.

Kwa hivyo wapendwa, kama ni kucheka, ngojeni hata kesho. Na ukichora grafu, angalia chini imeanzia wapi. Angalia kabla ya Amina.