Mwanamke wa Vidole Saba

Jumatatu, 4 Machi
Binti yangu anachora katuni za gazeti. Ndani ya picha huficha vitu: mtangazaji wa redio kageuzwa mbuzi, miwani ileile, kibao cha duka chenye maneno ya wimbo, yamepinduliwa. Wasomaji wanavisaka, wanacheka. Mimi maandishi madogo ya gazeti nasoma kwa kubabaisha, lakini picha naziona. Leo nimemwona nani humo? Jirani yetu Fundi Cherehani, dirishani, futi shingoni! Na mimi niliyemzaa mchoraji simo. Fundi kapita na gazeti nyumba zote. Kwangu kapita mara mbili.

Jumanne, 5 Machi
Nimemuuliza binti mbona simo. Kasema siri ikielezwa si siri tena, mama, tafuta. Nimetafuta hadi shingo imekakamaa. Nikamwonyesha muuza duka: huyu mwenye mgongo mpana ndiye mimi. Kaniambia huyo ni tembo wa tangazo la sabuni.

Jumatano, 6 Machi
Asiyekuwepo na lake halipo! Binti kaingia kuoga, ukurasa uko mezani, wino wazi. Nikajichora, kwenye foleni ya sinema, kati ya mabondia wawili. Hereni nimetia. Vidole vimezidi kidogo. Nikataka nionekane nakonyeza, jicho likavuja hadi kwa bondia.
Katoka, kaona, kakaa sakafuni na taulo lake. Kasema ukurasa unatakiwa kesho asubuhi, na mhariri alishamwonya: kosa moja tena, kazi hana. Ole wangu! Nimempelekea chai. Hakuigusa.

Ijumaa, 8 Machi
Jana aliupeleka vilevile. Sikutia kitu mdomoni kutwa. Leo gazeti limetoka, nami nimo! Mhariri kadhani ni mzaha wa makusudi, kacheka hadi kakohoa. Wasomaji wanaulizana ni msanii gani huyo mwenye vidole saba. Binti kanikumbatia, kisha kaniapisha: sitajichora tena. Nimeapa kwa machozi. Wivu wangu ungemkosesha mtoto kazi! Nimekoma. Nimekoma kabisa.

Jumamosi, 9 Machi
Fundi kaniuliza, mbele ya wateja, mbona gazetini nina sura ya kiatu kilicholoa. Nikamwambia asante, jirani. Nikarudi nyumbani. Binti yuko bafuni, ukurasa mpya mezani. Fundi yumo tena, kapendeza huyo!
Kiapo ni kiapo. Sikujichora. Nimemtia Fundi masharubu tu.