Koti la Mheshimiwa na Uzi wa Tatu

Mtaani walimwita Mheshimiwa, na heshima yote ilikuwa ya koti. Lilikuwa koti la kijivu, la kitambaa kizito, na bila hilo alikuwa mtu wa maneno mengi tu. Akilivaa, maneno yaleyale yaligeuka ushauri wa kitaalamu. Ulimi wake ungemtoa nyoka pangoni, kisha ukamuuzia nyoka huyo pango lake mwenyewe.

Siku hiyo alikuwa amekimbilia kivuli cha duka la vyombo vya muziki, akijifanya kukagua ngoma, mara akaingia mzee mmoja mpiga gitaa. Si gitaa la kukumbatia. Ni lile la kulazwa, lenye pedali chini kama cherehani.

"Uzi wa tatu umekatika tena," mzee akamwambia mama mwenye duka. "Kila nikikanyaga pedali unavutwa, unavutwa, mwisho pa. Na Jumamosi kuna harusi."

"Nyuzi za gitaa hilo sina, mzee wangu. Haziletwi tena."

"Ningepata hata sanduku zima ningelichukua," mzee akasema, akatoka ameinamisha kichwa.

Mheshimiwa mate yakamjaa. "Mama, na zile?" akauliza, akionyesha sanduku lenye vumbi juu ya kabati.

"Zile ni za gitaa la kawaida. Ule uzi mwembamba una unene uleule wa uzi wake wa tatu, ila yule hataki kusikia. Anataka zilizoandikwa jina la gitaa lake."

Jina ni kuandika tu, Mheshimiwa akawaza. Bahasha zipo, kalamu ya wino wa dhahabu ipo. Tatizo lilikuwa moja, nalo la miaka mingi: mfukoni hamkuwa na kitu.

"Siuzi mojamoja," mama akasema. "Ni sanduku zima. Kama huna pesa, hilo koti linatosha."

Iliuma, tusifichane. Lakini alijiambia kwamba akishamliza mzee atanunua suti kamili. Akalivua.

Kesho yake alikuwa sebuleni kwa mzee, amevaa shati tu, akiwa na rundo la bahasha zilizoandikwa kwa dhahabu.

"Shikamoo, mzee. Zimefika jana kwa ndege."

"Marahaba." Mzee akafunga uzi mmoja, akaukaza, akaanza kukanyaga pedali. Alikanyaga mara thelathini. Uzi haukukatika. Mheshimiwa mwenyewe alishangaa. Hakuwahi kuuza kitu kinachofanya kazi.

"Mzuri," mzee akasema. "Huu nauchukua, kwa bei ya dukani."

"Na hizi nyingine? Si ulisema sanduku zima?"

"Nilikuwa na huzuni. Mtu mwenye huzuni husema mengi."

Pazia la chumbani likafunguka. Akatoka mama mwenye duka, pini mdomoni, koti la kijivu mkononi.

"Mume wangu, simama nipime mikono." Kisha akamwona mgeni. "Karibu, mwanangu. Nilimwambia huyu, binti yetu haolewi baba yake akiwa na sweta. Na koti zuri nilikuwa naliona linapita dukani kila siku."

Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Mheshimiwa alitazama kila pembe ya sebule akimtafuta mjinga, akajikuta yuko peke yake.

Mzee akalivaa koti. Likamkaa sawasawa.

"Jumamosi uje, kijana," akasema, kwa sauti nzito ambayo dakika moja nyuma hakuwa nayo. "Uje na nyuzi za akiba."

Na yule kijana, bila kujua imemtoka vipi, akajibu, "Sawa, mheshimiwa."