Fundi Asali na Diski Iliyojaa Harusi

Mjini kila mtu huvuna alichopanda, isipokuwa wale waliojaliwa kuvuna walichopanda wenzao. Fundi Asali alikuwa wa kundi hili la pili. Ufundi wake hakuna aliyewahi kuushuhudia. Asali yote ilikuwa mdomoni.

Asubuhi hiyo alikuwa ameegemea kaunta ya duka la kompyuta, akijifanya anachagua waya, aliposikia mzee mmoja, suruali imepigwa pasi mpaka ina makali, akigombana na muuza duka.

"Diski moja bei ya mbuzi wawili?" mzee alilalama. "Mimi nataka ya kutunzia picha, sitaki ya kuzaa!"

"Hiyo ina nafasi ya tera mbili halisi, mzee. Rahisi ni ghali."

Mzee akatoka akisonya. Asali akamfuata nyuma, kwa mwendo wa mtu aliyetumwa na mbingu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Unauza nini?"

"Siuzi, nasaidia. Mashine yako nyumbani ina diski ngapi?"

"Moja. Imejaa hadi inakohoa."

"Ndipo ulipokosea. Diski moja ni kama nyumba ya chumba kimoja. Unapika humo, unalala humo, mgeni akija anakalia sufuria. Nyumba ya heshima ina mbili: moja ya kuendeshea mashine, iwe nyepesi, isibebeshwe mizigo, ya pili kubwa, ya kutunzia. Hiyo ndiyo stoo. Ya kwanza unayo. Ya pili ninayo mimi, kwa nusu ya bei uliyotajiwa mle ndani."

Ushauri huu ulikuwa sahihi kabisa, na hapo ndipo hatari ilipolala. Tapeli mchanga hudanganya tangu salamu. Aliyehitimu husema kweli tisa, kisha uongo wa kumi hubebwa mgongoni na hizo tisa.

"Nusu?" mzee aliuliza, na macho yake yakawaka kama ya paka aliyesikia kabati la nyama likifunguliwa.

Inafaa kusema kilichokuwa ndani ya mkoba wa Asali. Zilikuwamo diski tano, zimefanana kama pacha. Nne kati yake, ukizipasua, ungekuta kadi ndogo ya kuhifadhia picha za simu na kipande cha chuma kilichogandishwa kwa gundi ili mnunuzi ahisi uzito. Zilifundishwa uongo: ukizichomeka zinajitambulisha kwa kiburi, "Tera mbili!" Zinapokea kila unachozipa, na tumbo lao dogo likijaa zinaanza kula ulichotia mwanzo. Mwenye mali hugundua baada ya miezi, Asali akiwa mtaa wa saba.

Ya tano ilikuwa halisi. Aliuza pikipiki yake kuukuu kuipata, akaiwekea doa la rangi ya kucha asiichanganye na zile nne. Hiyo ndiyo aliyowaonyesha wateja ikifanya kazi, kisha mkono ukicheza wanaondoka na pacha wake. Bila ya tano, zile nne zilikuwa vyuma tu. Ya tano ilikuwa shamba lake, ng'ombe wake na cheti chake cha shule.

Nyumbani kwa mzee palikuwa safi kama hospitali. Kompyuta ilisimama juu ya meza yenye faili zilizofungwa kwa kamba, kila moja na namba yake.

"Nilikuwa karani wa mahakama," mzee alisema. "Nimestaafu."

Asali alisikia "nimestaafu" tu, akatabasamu.

"Nitaichukua," mzee aliendelea, "ila kwanza tuijaze. Mpaka pomoni."

"Kuijaza? Mzee wangu, hiyo ni kazi ya kutwa nzima!"

"Nimekwambia nimestaafu."

Mtu mwingine angetafuta mlango. Asali alitafuta doa la rangi ya kucha. Akafungua ubavu wa mashine kwa bisibisi, akaifunga ile halisi kwa mbwembwe za daktari wa moyo, akaupachika mfuniko. Kubadilisha kungekuja mwishoni, kama kawaida.

Video kubwa kuliko zote ndani ya nyumba ilikuwa harusi ya mpwa wa mzee. Wakainakili mara moja, mara kumi, mara mia. Adhuhuri ikapita. Mke wa mzee akachungulia.

"Bado wanaoana hao?"

"Bado, mama," Asali alijibu kwa adabu.

"Heri yao. Sisi tulimaliza siku moja na tukajuta siku ileile." Akaenda zake uani kuwasimulia majirani habari za fundi anayeuza nusu bei na kukaa kutwa akipima.

Alasiri diski ikajaa. Mzee akafungua nakala ya kwanza: bibi harusi akaingia ukumbini. Akafungua ya mwisho: bibi harusi akaingia tena, wala hajachoka.

"Safi," mzee alisema, akaizima mashine.

"Basi nifungue kidogo nikaze skrubu, nipanguse na vumbi," Asali alisema, na vidole vyake vilikuwa vimeshashika mojawapo ya zile nne ndani ya mkoba.

Alipoinua macho, mzee alikuwa ameshapaka gundi kipande cha karatasi na kukibandika mahali mfuniko unapokutana na bati.

"Tia sahihi hapa. Nusu kwenye karatasi, nusu kwenye bati."

"Ya nini, mzee wangu? Kwani hatuaminiani?"

"Nimekuamini tangu asubuhi. Sitaki nianze kukutilia shaka jioni."

"Lakini skrubu zimelegea!"

"Ziache zilegee. Kijana, nimetunza vielelezo vya kesi miaka thelathini na moja. Saa ya dhahabu inapimwa mbele ya hakimu, inabebwa hatua kumi kwenda kabatini, inafika ikiwa shaba. Hatua kumi! Tangu siku hiyo, kilichopimwa kinafungwa hapohapo kilipopimiwa. Kalamu hii hapa."

Mkono uliokwisha kughushi sahihi za watu wazima na heshima zao uliandika, kwa mara ya kwanza baada ya miaka, sahihi ya mwenyewe. Asali akapokea nusu ya bei ya duka kwa kitu kilichomlia pikipiki nzima. Akashukuru, maana mahali pale hapakuwa na neno jingine la kusema.

"Na hizo nne za mkobani?" mzee aliuliza taratibu, akichungulia. "Mke wangu amewaambia majirani. Mshona nguo yuko mlangoni, na nesi nyuma yake. Nimeshawakatia karatasi. Tunaanza kujaza ya nani?"

"Hizo... hizo zina wenyewe," Asali alisema, na akapita katikati ya wale wanawake wawili kama mtu aliyeacha maziwa jikoni.

Mtaa ule unamtafuta mpaka leo. Ile diski haijapoteza hata picha moja. Wazee wanaulizia, walimu wanaulizia, na mshona nguo humsifia kwa kila anayekuja kupimwa kanzu: fundi mpole, bei nafuu, haogopi kazi yake kupimwa. Katika maisha yake yote, Asali hakuwahi kuwa na wateja wengi kiasi hicho wanaomngoja kwa hamu. Akitaka kwenda sokoni, huzunguka kwa njia ya mbali.