Mtamba Ambaye Hajapotea

Jumamosi, 3 Machi 2012. Ruharo, Mbarara

Darasa la kwanza la mantiki! Chuo cha Biblia kimenipa nafasi, mimi Grégoire, mkimbizi wa Nakivale, na leo nimegundua kwamba maisha yangu yote nimekuwa nikiongea ovyo. Mwalimu Jovan anachora hoja ubaoni. Kila sababu inaingia kwenye duara, mshale unashuka mpaka kwenye hitimisho. Halafu unauliza: sababu ni za kweli? Zinalibeba hitimisho? Jibu likiwa hapana, hoja imeanguka. Hata kama ameitoa askofu.

Nilimsahihisha mwalimu. Kumbe alikuwa sahihi yeye. Stellah, mwanafunzi mwenzangu, mke wa mwanajeshi wa kambi ya jeshi hapa Mbarara, alicheka mpaka akadondosha kalamu. Nikaona aibu, ila kidogo.

Jumatano, 7 Machi. Nakivale

Jumamosi tunakwenda kumposa Perpétue. Lazima tufaulu. Familia yake imemaliza mahojiano ya kwenda Amerika, na wakipanda ndege kabla posa haijapokelewa, nimempoteza. Nampenda. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma.

Tatizo ni baba mdogo Rwakabuba, msemaji wetu. Kwetu Banyamulenge mwoaji hafungui mdomo siku hiyo. Anakaa kama gunia la maharage, wazee wanasema. Nilimwomba anisomee hotuba yake kidogo. Akaanza na mvua ya Minembwe, kwetu Kongo, akapitia kwa marehemu babu, akaishia kwenye ng'ombe. Nimeichora yote. Maduara tele, mshale hata mmoja! Nikamwambia haina hitimisho. Akaniuliza kama nimekula.

Ijumaa, 9 Machi

Nimempigia Stellah kumwambia kesho sitafika darasani. Nikamweleza mpango: baba mdogo akiteleza, nitasimama na kuziweka hoja sawa. Akasema, "Wewe, wacha hiyo kitu. Kwa wazee unanyamaza tu." Wivu! Alipata alama nyingi kwenye zoezi, sasa hataki mwingine ang'ae. Suti nimeipiga pasi mara mbili.

Jumamosi, 10 Machi

Mungu wangu.

Tulipokewa vizuri huko Juru, upande mwingine wa kambi yetu, kwa Mzee Musoni, baba yake Perpétue. Fanta, maziwa, viti vya kanisa. Msemaji wao, Mzee Kizito, akauliza wageni wanatafuta nini. Baba mdogo akasimama, akasema tumepoteza mtamba, ng'ombe mzuri ambaye hajazaa bado, na alama za kwato zake zimeingia kwenye uwanja huu.

Najua. Sasa najua! Ndivyo wanavyosema kila mwaka, kila posa, tangu babu wa babu. Lakini wakati ule niliona duara moja tu, na ndani yake uongo. Nikasimama. Nikasema sisi hatujapoteza ng'ombe yeyote, nyumbani hatuna hata mbuzi.

Watu walidhani ni mzaha. Wengine walipiga makofi, na makofi hayo ndiyo yaliyoniponza. Mzee Kizito akatabasamu, akasema hapa kwao hakuna msichana. Nikasema yupo, miguu yake naiona chini ya pazia. Akasema basi, huyo alishatolewa kwa watu wengine. Nikamwambia hoja zake zinapigana: mtu ambaye hayupo hawezi kutolewa.

Nilingoja wanishangilie. Hakuna aliyenywa hata Fanta yake.

Mzee Kizito akasema taratibu, "Mugeni amejisemea yeye mwenyewe, hakuna kitu ilipotea. Kama haikupotea, hakuna ya kutafuta hapa. Mumalize Fanta, murudi salama."

Nikaichora kichwani. Sababu mbili, mshale ulionyooka. Hoja safi kabisa, na nilimpa mimi mwenyewe! Nilitamani ardhi ipasuke. Baba mdogo alitazama viatu vyake.

Jumapili, 11 Machi

Nimekwenda ibadani nikakaa nyuma kabisa. Wapi! Nilipoingia, sauti ya pili ya kwaya nzima ililia kama ng'ombe. Mchungaji naye alikohoa ndani ya kitambaa. Najua kikohozi kile.

Jumanne, 13 Machi

Dada yangu Olga amerudi kutoka Juru. Perpétue hakunitukana. Afadhali angenitukana. Amesema alivaa tangu asubuhi, akasimama nyuma ya pazia akingoja kuitwa, shangazi amemshika mkono. Akasikia viti vinasogezwa. Akasikia tunaondoka. Akavua nguo mwenyewe, akazikunja. Alimuuliza Olga, "Nilimukosea nini?"

Sijala. Nimeficha daftari la mantiki chini ya godoro. Mimi ni mjinga, na si mjinga wa kawaida, ni mjinga wa kusomea.

Alhamisi, 15 Machi

Baba mdogo amekwenda Juru peke yake, bila mimi, kuomba radhi. Mzee mzima, na goti lake lile bovu, kwa ajili ya mdomo wangu. Karudi jioni, akakaa, akaomba chai, akainywa yote kabla ya kusema.

Wamekubali! Posa imepokelewa! Perpétue mwenyewe aliitwa, akasema ndiyo. Nililia mbele ya Olga bila haya. Nikamuuliza baba mdogo aliwaambia nini. Akasema aliwaambia ukweli wa kutosha: kwamba masomo ya Mbarara yamenichanganya kichwa kidogo, nakunywa dawa, na sasa napata nafuu. Mzee Musoni alinihurumia. Mama mkwe ametuma siagi ya ng'ombe ya kunipaka kichwani. Baba mdogo amenisihi nisikanyage Juru mpaka siku ya harusi.

Nimeapa.

Ijumaa, 16 Machi

Nimelitoa daftari chini ya godoro. Kuangalia tu.

Duara la kwanza: Grégoire ni mgonjwa wa kichwa. Duara la pili: mgonjwa husamehewa. Hitimisho: apewe Perpétue. Hitimisho hilo nalikubali kwa moyo wote. Lakini duara la kwanza ni la uongo! Ndoa yangu isimame juu ya duara bovu? Na watoto wetu je? Nikinyamaza, nitaona aibu maisha yangu yote.

Kesho alfajiri nakwenda Juru. Nitamweleza baba mkwe kwa upole kabisa, mbele ya Mzee Kizito, kwamba sikuumwa hata kidogo, na kwamba yote niliyosema siku ile niliyasema nikiwa na akili zangu timamu.