Nilivyojitoa kwa Ugali wa Wakwe

Jumatatu, 7 Agosti 2006
Wakwe wanakuja Jumamosi kumposa mjukuu wangu Nangila. Watatoka Kachibora, huko upande wa Kitale. Familia imekaa hapa Kabuchai kugawa kazi. Kuku wote ati apike Sally, mke wa shemeji yangu! Mimi, nyanya ya msichana, nisonge ugali tu. Nikasema sawa. Moyoni, wapi!

Baadaye nikamkuta Joy, mdogo wake Nangila, na kitabu cha Kiingereza. Nikauliza hii "bek auti" ni mnyama gani. Akasema ni kukubali jambo, halafu ujitoe watu wakikutegemea. Na mtu akikataa tangu mwanzo? Akasema huyo amekataa tu, Kukhu, maana nyanya yake ananiita hivyo. Lazima kwanza uwe ulikubali.

Kumbe Wazungu wana akili! Mimi si nilikubali mbele ya watu kumi na wawili?

Jumanne, 8 Agosti
Nimebek auti. Nimemtuma Joy akawaambie. Watakuja kunibembeleza. Nitakataa mara mbili. Ya tatu nitadai kuku wote. Nimefagia, nimewatolea viti vinne nje.

Jumatano, 9 Agosti
Viti vimekaliwa na kuku wangu. Hakuna mtu.
Halafu mwanangu Wekoye akaja. Nikanuna vizuri kabisa. Kumbe anataka kuazima sufuria yangu kubwa! Nikampa. Na mwiko juu. Mimi ni mjinga wa wapi?

Alhamisi, 10 Agosti
Nimepita kwa Sally mara tatu nikikohoa. Ya tatu akanipa tangawizi. Akasema nipumzike, umri nao ni umri. Umri! Tulizaliwa mwaka mmoja, na meno yangu ni mengi kuliko yake. Ugali wamempa jirani Chelagat. Ugali wake unaweza kuunywa kwa kikombe.

Ijumaa, 11 Agosti
Nikamuuliza Joy kama mtu anaweza kubek auti kutoka kwa kubek auti. Akacheka mpaka akakaa chini. Ati Kiingereza kinakubali, ila aulizwe Kukhu Sally. Sikwenda. Nina heshima zangu.

Jumamosi, 12 Agosti
Wamefika! Harufu ya kuku imeingia mpaka kwa godoro. Nikavaa leso mpya. Ya dharura.

Joy alikuwa anakimbia kuniletea habari. Mzee Kipkemboi, babu ya bwana harusi, aliuliza nyanya ya msichana yuko wapi. Wakasema amepumzika. Akasukuma sahani! Ati hawezi kula kwa boma ambalo nyanya amejificha, pengine hataki hii ndoa. Nangila akaanza kulia.

Kidogo Wekoye huyo, mbio, jasho mpaka kwa tai. Nilikuwa nimepanga kukataa mara mbili. Akasema "Mama" tu. Nilikuwa nimeshampita mlangoni!

Nikaingia na vigelegele. Mzee akacheka, akavuta sahani. Kwa ugali wa Chelagat akaomba kijiko, nilijua. Kuku wa Sally walikuwa watamu. Hiyo naandika hapa tu. Nangila hakuniachilia mkono mpaka wakwe wakasema ndiyo. Tukacheza sote. Sally bado ana kiuno, huyo mwanamke.

Jumapili, 13 Agosti
Mzee Kipkemboi ametualika Kachibora mwezi ujao. Familia yote imesema mimi niongoze akina mama, na Sally ndiye alinitaja wa kwanza. Nimekubali hapo hapo, kwa sauti, kila mtu asikie.

Sasa hivi Joy ananiandikia barua ya kujitoa. Nimemwambia aache nafasi ya tarehe.