Ombi la Kumrudisha Mume Wangu Kwenye Kujaza Madumu

Mheshimiwa Meneja wa Kiwanda cha Mafuta ya Alizeti,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mke wa yule mrefu wa idara ya kusafisha mafuta, ambaye wenzake humwita Bwana Chujio. Alipokuwa anajaza madumu, alikuwa mume wa kawaida: anarudi, anaoga, anakula, analala. Tangu ulipompandisha cheo, nyumba yangu imegeuka tawi la kiwanda. Niruhusu nikueleze, kwa adabu zote:

1. Kila kinachomiminika lazima kichujwe. Alianza na chai, akahamia kwenye uji wa mtoto. Kitambaa anachochujia ni mtandio wangu wa kutokea. Sasa nikiuvaa, watu wananiuliza kama nauza tangawizi.

2. Nilinunua mafuta ghafi kwenye mashine ya mtaani, mazito, yananukia alizeti yenyewe. Akayainua dirishani, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Akayatia maji ya moto ili ute ujitenge ukae chini, kisha akayakoroga na soda kali ya kiwandani ili kuondoa uchachu. Soda ikamponyoka mkononi. Tukapata sabuni. Ni sabuni nzuri, sikatai, inatoa povu, lakini wageni walikuwa wameshakaa wakisubiri samaki wa kukaanga.

3. Ameniambia kwamba huko kwenu mvuke mkali hupitishwa kwenye mafuta mpaka harufu yote itoke. Hongereni. Lakini mama yangu mzazi alipokuja kututembelea, amejipaka marashi yake ya sikukuu, mkwewe alivuta pumzi na kumwambia kwa upole, "Mama, harufu imezidi kiwango. Hebu sogea hapa karibu na sufuria inayochemka." Mama alichukua mkoba wake akaondoka. Siku hizi akinipigia simu haulizi hali yangu, anauliza, "Huyo mkemia wako hajambo?"

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Jana nilimweleza yote haya. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mke wangu, ukiondoa uliyoyarudia, inabaki hoja moja." Nikazipitia kimoyomoyo. Kweli ilikuwa moja. Hilo ndilo lililoniuma.

Kwa hiyo naomba arudishwe kwenye madumu. Kama haiwezekani, mafuta ya kiwandani yachafuliwe kidogo, ili hamu yake yote iishie hukohuko. Na kama hilo nalo ni gumu, niajirini mimi, yeye abaki nyumbani na sufuria zake.

Nisalimie wafanyakazi wote, walinzi wa getini, na wifi yangu, mkeo. Kama naye anachujiwa chai, mwambie hayuko peke yake.

Wako mtiifu niliyechoka kuchujwa,
Mke wa Bwana Chujio

N.B. Nilikuwa nalamba bahasha, mwenyewe akapita jikoni akaonja mchuzi wangu. Akafumba macho. Akaonja tena. Akasema, "Huu usiguswe. Umekamilika." Mheshimiwa, ilibidi nitafute kiti. Tangu anioe, huyu bwana hajawahi kutamka neno juu ya mapishi yangu, si jema si baya. Tafadhali muache hapohapo alipo, na kama kuna mafunzo ya juu zaidi ya kuonja, mpeleke haraka. Barua nimeituma kwa sababu tu stempu nilishaibandika.