Lenzi Tano za Kitindamimba Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Mvua tangu alfajiri. Binti yangu, kitindamimba, karudi na begi zima la lenzi. Amepata kazi ya kupiga picha za gazeti, nchi ya mbali, ya kupanda ndege. Wanamtaka aende na lenzi zake mwenyewe, tano. Si zile za kuvuta picha karibu kwa kuzungusha. Hizi kila moja ina namba yake na haibadiliki. Ukitaka mtu awe mkubwa, inua miguu umfuate. Ishirini na nne ya chumba kizima. Thelathini na tano ya watu na shughuli zao. Hamsini kama jicho lionavyo. Themanini na tano ya uso. Mia na thelathini na tano ya aliye mbali. Kila namba ina lenzi tatu za makampuni matatu, na muuza kamera kamwazimisha zote ajaribu, achague iliyo bora. Kaniomba nikae dirishani nipigwe mimi.
Dada zake wameolewa. Baba yao yuko kaburini. Akiondoka huyu, nitabaki naongea na kuta.
Nimewaza. Asipozipata tano, haendi. Jamani, si nimepata njia!

Jumanne, 4 Machi
Ishirini na nne. Kila alipobonyeza niliinama mbele, nikarudi nyuma. Wapi! Lenzi hii haidanganyiki. Imeona masufuria, kalenda ya mwaka juzi, na pua yangu kama mdomo wa birika, vyote safi. Kachagua papo hapo.
Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, tunapakana ukuta. Kachungulia, kasema mwache mtoto aende, kuku hamlalii kifaranga mwenye manyoya. Yeye hajazaa. Nimefunga mlango kwa nguvu kidogo.

Jumatano, 5 Machi
Thelathini na tano. Binti katoka kuongea na simu, nikazipaka zote tatu kidole cha mafuta ya kujipaka. Picha zikatoka kama tumekaa ndani ya wingu. Kazirudisha dukani analalamika. Yule muuza kamera kazifuta kwa kitambaa, kauliza nani kakaangia humu. Mtoto kadhani ni mikono yake. Kaomba radhi, masikini. Kachagua.
Zimekwenda mbili. Sikula.

Alhamisi, 6 Machi
Leo nimeweza! Hamsini akaifungua mdomo wote wa kuingizia mwanga, na ikifunguliwa hivyo inakamata macho tu, masikio yanazama ukunguni. Kumbe upana wa kidole unatosha. Akishalenga, naegemea mbele kidogo, namtazama kwa upole. Jicho linaingia ukungu. Zote tatu! Kasema hata hii inayosifiwa kuliko zote ni mbovu, kairudisha dukani. Jioni ile ile mtu mwingine kainunua na kuondoka nayo.
Nilifurahi mpaka nikaona anavyokaa kitandani, mikono kati ya magoti.
Muuza kamera kamwambia haiwezekani lenzi tatu za viwanda vitatu ziugue ugonjwa mmoja. Amwangalie aliye kwenye kiti. Simpendi mtu huyu.

Ijumaa, 7 Machi
Themanini na tano. Binti kapiga nyingi mfululizo, kazipanga kwenye kompyuta, akazikuza. Kaona kichwa changu kinasogea picha kwa picha, kanigeukia. Mama anayejua macho ya mwanawe hahitaji kuambiwa. Nikajua nimekamatwa.
Kanipa kikombe cha chai nishike. Kwa hofu kikagonga sahani ka-ka-ka. Akanikumbatia huku analia. Kasema, mama, kwa nini umenificha? Kumbe anadhani ni ule ugonjwa wa kutetemeka uliomuua bibi yake!
Ningesema pale pale. Mdomo ulifunguka. Ukasema asante mwanangu.

Jumamosi, 8 Machi
Kwa daktari. Kagonga magoti, kavuta vidole. Kasema haoni kitu, ila tuendelee kuangalia. Binti kasikia hilo la mwisho tu. Kawapigia wale wa gazeti, kawaambia haendi. Wakamwambia watamsubiri mpaka Jumatatu jioni, basi.
Nimeshinda.
Usiku huu anarudisha lenzi ndani ya maboksi, anafuta kila moja taratibu kama anaosha maiti. Wifi kaja na uji. Kaninong'oneza, Mungu amekupa ugonjwa uliokuwa unauomba. Nimeweka uji chini, nikamtazama binti anavyofuta.

Jumatatu, 10 Machi
Nimemwambia anipige na ile ya mwisho, mia na thelathini na tano, iwe kwaheri kabla hajairudisha. Ndani hapatoshi. Kasimama nje kabisa, langoni, mimi mlangoni kwenye kiti kingine. Nilikaa kama mtungi. Inzi katua mdomoni, akatembea, akaenda zake. Sikupepesa.
Ikatoka kope kwa kope. Mvi zote. Kapiga tena, na tena, kaja mbio kauliza, mama, umepona?
Nikasema sijawahi kuugua. Ni kile kiti cha dirishani, alichonipa wifi, mguu mmoja mfupi, ndicho kilichonitikisa hata chai. Kakikalia, kweli kinayumba. (Niliukata asubuhi kwa msumeno. Si kidogo.) Kacheka mpaka kakaa chini. Kawapigia. Nafasi ipo bado!
Wifi kasikia, kanitukana kupitia ukuta. Kasema kiti chake kilikuwa na miguu mizima kuliko yangu.

Jumapili, 16 Machi
Kaondoka. Kachukua zote tano, themanini na tano kanipiga upya, ila hamsini ni ile ya pili kwa ubora, iliyo bora ilishanunuliwa. Kanishukuru kwa kukaa kwa subira. Nyumba imenyamaza hivi.

Jumatano, 26 Machi
Kapiga simu! Picha yake imetoka ukurasa wa mbele. Sauti imejaa furaha mpaka nikaisikia inavyotabasamu. Wifi nimemwita asikilize, ajue mwanangu ni nani. Wifi kalia. Mimi pia. Binti kauliza, na afya yako mama?
Nikasema mzima kabisa, fanya kazi mwanangu, usiwaze.
Kisha nikakohoa. Kikohozi hakikuja chenyewe, nilikifuata.
Kauliza kimeanza lini. Kasema ataulizia ndege.
Nikamwambia asihangaike, si kitu. Nikakohoa tena.